MJADALA: Kadi isiyo ya Kiingereza ni nusu bei?

Mtoto wa Ilala (Uingereza)

Wakuu, salaam. Jumamosi nilipeleka kadi kumi na mbili za Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi za kichawi, kwa muuzaji mmoja wa huku. Zote za Kiitaliano, nilizipata kwa mzee mmoja sokoni Milano. Jamaa hakuzitoa hata kwenye mifuko yake ya plastiki. Kaona maandishi tu, kasema, "Za kigeni hizi, nusu bei." Nikamwambia tazama ukingo. Mweusi! Akakohoa, akazishika tena, safari hii kwa ncha za vidole. Bei hakupandisha.

Kwa asiyejua: mwaka 1994 toleo la Revised la Kiingereza lilitoka na ukingo mweupe. Mwaka huohuo likatoka kwa Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani, na uchapaji wa kwanza wa lugha hizo ukawa na ukingo mweusi. Watu wanaugombania weusi huo, kiasi kwamba kadi za ardhi za uchapaji ule, zile zinazompa mchezaji nguvu za kichawi (mana) za rangi mbili, huuzwa ghali kuliko zile nyeupe za Kiingereza. Hiyo nusu bei kaitoa wapi? Mimi nasema lugha si kasoro. Mnasemaje?

Fundi Kadi

Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Chukua toleo la Legends: la Kiingereza 1994, la Kiitaliano 1995. Kadi yake ya Mana Drain kwa Kiitaliano imeandikwa "Risucchio di Mana", yaani kunyonya mana. Picha ileile, kazi mezani ileile, na Magic inaruhusu kadi ya lugha yoyote mashindanoni. Pamoja na hayo, ya Kiingereza inaiacha mbali kwa bei. Muuzaji analipa pango. Kadi ikikaa kabatini miezi minane ikimsubiri mteja anayeitaka kwa Kiitaliano, hasara ni ya nani?

Halafu ukingo mweusi peke yake hautoshi. Legends za Kiitaliano nazo ni nyeusi. Zako ni zipi hasa?

Mama Nassor (Marekani)

Mimi nauliza swali la kizamani: kigeni kwa nani? Pokémon, mchezo mwingine wa kadi, ilizaliwa Japani, kadi zilitoka Oktoba 1996. Kiingereza kimekuja 1999. Tukisema ukweli, hiyo ya Kiingereza ndiyo tafsiri. Zile za Kijapani za mwanzo kabisa hazina alama ya uadimu pembeni, yaani ule mduara, almasi au nyota, na wakusanyaji wanatafuta kwa tochi huo utupu.

Na kadi ya Pokémon ya Pikachu Illustrator je? Walipewa washindi wa mashindano ya kuchora ya gazeti la watoto la Kijapani, kadi 39. Logan Paul, yule Mmarekani wa YouTube, alichukua moja kwa dola milioni 5.275. Imeandikwa Kijapani. Mbona hakudai nusu bei?

Ila nikiri jambo. Mwanangu alienda kwenye mashindano ya Pokémon na kadi nzuri alizoletewa na mjomba wake kutoka Osaka, akaambiwa hapa ni za Kiingereza tu. Alirudi amenuna, hata chapati hakugusa.

Fundi Kadi

Mama, umejijibu mwenyewe. Kadi ambayo mtoto hawezi kuichezea imeshapoteza kundi zima la wanunuzi. Na kadi chache namna hiyo si kipimo cha soko, ni kama kupima bei ya nyumba kwa kutazama ikulu.

Mzee wa Stika (Mombasa)

Vijana, mnazunguka tu na mazimwi. Njooni kwenye mpira.

Kadi ya Pelé inayotafutwa kuliko zote ni ya kampuni ya Alifabolaget, Sweden, 1958, pale pale alipochukua Kombe la Dunia akiwa na miaka 17. Kiswidi kitupu. Mwaka 2022 moja ya hali nzuri sana iliuzwa dola milioni 1.33. Messi, kadi yake ya mwanzo ni ya Panini Megacracks ya msimu wa 2004-05, Kihispania. Hakuna anayelalamika kwamba haielewi. Mchezaji akianzia Barcelona unataka kadi yake ya mwanzo iandikwe Kiingereza kwa sababu gani?

Mimi stika zangu za Italia 90 nililetewa na ami yangu baharia. Nikazibandika zote kwenye mlango wa kabati la marehemu bibi. Kabati lipo. Msiniulize bei.

Fundi Kadi

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye mpira nakubali, kadi inafuata pale mchezaji alipochomoza. Lakini Magic ilianza Marekani mwaka 1993. Kwa hoja yako mwenyewe, Kiingereza ndicho nyumbani kwake.

Binti Mtwara

Hahaha, kwani ile kadi ya Magic, The One Ring, iliyochapwa moja tu duniani ilikuwa ya lugha gani? Lugha ya kubuni, maandishi ya kubuni, hakuna nchi wala balozi wake. Mwanamuziki Post Malone kailipia takriban dola milioni mbili mwaka 2023.

Mtoto wa Ilala, swali la Fundi bado linakungoja. Revised hazina alama ya toleo, Legends zina alama ya kichwa cha nguzo upande wa kulia, chini ya picha. Hesabu, utuletee.

Mtoto wa Ilala (Uingereza)

Nimezimwaga mezani hapa, taa ya simu juu yake. Tatu ni za ardhi, hazina alama. Tisa zina kichwa cha nguzo.

Haya, Fundi, kwa hizo tisa yule jamaa hakuwa mwizi. Ila aliniwekea zote kumi na mbili kwenye kapu moja bila kugeuza hata moja, na hilo ndilo linalonikera mpaka sasa. Zile tatu sizirudishi kwake. Tisa nitaenda nazo Jumamosi, isipokuwa Risucchio. Kumbe ilikuwemo, na mke wangu keshaanza kulitamka hilo jina jikoni kila sinki likiziba.