Tupeane uzoefu: wanyama na ndege uliowapiga picha ukiwa nyumbani, siyo hifadhini

MjukuuWaMasaka:
Wakuu, habari za jioni. Simba wanaopanda miti wa Ishasha, kule hifadhi ya Queen Elizabeth, tumewaona vya kutosha, na wenye lenzi za mamilioni wataendelea kutuletea. Humu nataka za nyumbani: shambani, kisimani, kwenye mti wa nyuma ya choo. Nchi yetu, Uganda, ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wengi wao hawana habari na geti la hifadhi. Sharti langu ni moja: ukileta picha, tuambie mnyama alikuwa anafanya nini. Picha tupu hata kalenda inazo.

Naanza mimi. Kwetu kuna kundi la kwera, wale ndege wanaofuma viota, kwenye mti unaoinamia kisima. Dume anatua kwenye jani la mgomba, analing'ata ukingoni, anaruka huku kashikilia, na utepe mrefu kuliko yeye mwenyewe unachanika. Akishafuma, ananing'inia chini ya kiota kichwa chini miguu juu, anapigapiga mabawa na kuita majike. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi kama mteja anayepima kitambaa dukani, anatoka. Kiota kikikauka na kuwa cha kahawia bila kupata mwenyewe, dume yuleyule anakibomoa na kuanza upya kwa majani mabichi.

Nimepiga yote hayo kwa simu ya kawaida, nimeiegemeza kwenye jerikeni. Mbingu ikiwa nyeupe nyuma yake, ndege hutoka mweusi tii. Mguse kwenye skrini, kisha pandisha mwanga kwa kidole. Mama watoto analalamika migomba imebaki nyuzi nyuzi, na ana haki.

TochiYaKasese:
Salaam mkuu. Mimi ni mtu wa usiku. Huku milimani, chini ya Rwenzori, tuna kinyonga mwenye pembe tatu puani. Pembe ni za dume. Mchana unaweza kupita karibu naye ukaegemeza hata jembe usimwone. Usiku akilala rangi yake hupauka, naye hupenda ncha za matawi, kwa hiyo ukimulika kichaka anajitokeza mwenyewe. Flashi situmii. Mdogo wangu anashika tochi kutoka ubavuni, ndipo magamba na pembe vinaonekana; ukimulika kutoka mbele anatoka bapa kabisa. Simgusi, sikati tawi lake. Shangazi yangu hataki hata kuiona picha, anasema nitaleta mkosi nyumbani.

MvuviKatwe:
Sisi wa Katwe kijiji chenyewe kimezungukwa na hifadhi ya Queen Elizabeth, kwa hiyo sijui nianzie wapi. Ngiri wanapiga magoti kula nyasi karibu na nyumba, watoto wanapita tu. Lakini niseme la kiboko, maana wageni wanajitia wazimu. Jioni anatoka majini kwenda malishoni, ana njia yake iliyokanyagwa ikawa laini. Usisimame humo, na usikae kati yake na maji hata kama amesimama mbali. Ukitaka picha, ngoja alfajiri anaporudi, mwanga ukianza kutosha, nawe uwe nyuma ya ukuta. Kumpiga flashi ya uso ni kujitafutia msiba.

ShambaLaHoima:
Naomba niwaharibie sherehe kidogo. Nyinyi mnaona picha, mimi naona mafenesi yangu. Vipande vya msitu vya huku vimekatwa kupanda miwa na mikaratusi, sasa sokwe wanaingia mashambani: fenesi, embe, papai, ndizi, miwa. Huku Bunyoro kuna watoto waliowahi kushambuliwa. Vijana wakisikia sokwe yuko bondeni wanakimbia na simu, wanamzunguka, wanapiga kelele, kesho yake yule dume kubwa akimkuta mtoto kisimani amekwisha kuwa na hasira. Hiyo nayo ni kuangalia wanyama?

MjukuuWaMasaka:
Mama, umesema kweli, na wala hujaharibu sherehe. Sokwe akiingia shambani, watoto ndani kwanza, simu baadaye.

AskariMstaafu:
Naongezea kwa mama wa Hoima. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya baadhi ya wanyama. Kwa hiyo picha nyingine ya kupiga ni ya uharibifu wenyewe: kabla hujafyeka wala kusafisha, piga shamba zima, kisha unyayo, na weka jembe au panga kando yake ukubwa uonekane. Mwite mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aone, peleka kwa maofisa wa UWA (mamlaka ya wanyamapori) mapema. Halafu kuhusu sokwe, umbali si kwa usalama wako tu. Mwaka 2013 kirusi cha mafua ya binadamu kiliingia kundi la sokwe la Kanyawara, hifadhi ya Kibale, wakafa watano. Ukiwa unapiga chafya, picha hiyo mwachie mwenzako.

BondeLaKabale:
Kwetu ni korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera. Anataga kwenye kinamasi, mayai mawili au matatu, na vinamasi tunavigeuza mashamba ya viazi, ndiyo maana tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Nawapiga wakicheza: wanainamiana, wanaruka juu mabawa wazi, mmoja anarusha kijiti. Kiota sikisogelei. Mama akiinuka, kunguru yuko juu anangoja.

Jambo jingine, wakuu: zimeni alama ya mahali (location) kwenye kamera ya simu kabla ya kutuma picha ya kiota. Makinda ya ndege wakubwa yanauzwa, ya korongo domo-kiatu hasa. iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za viumbe, yenyewe huficha mahali kwa spishi zilizo hatarini, ila WhatsApp ya kijiji haifichi kitu, kila mtu anajua kinamasi ni cha nani.

BodaMpigi:
Mimi sina picha, nina sauti. Usiku juu ya mfenesi kuna kitu kinalia kama mtoto mchanga, jirani anasema ni mzimu na ameshaita shehe. Ni nini?

TochiYaKasese:
Komba huyo, kaka. Subiri alie tena, mulika tochi juu kwa pembeni, utaona macho mawili mekundu yanaruka tawi hadi tawi. Usimmulike muda mrefu. Na mrudishe shehe kabla hajafika na nauli ya boda.