Hyperia au Nemesis Reborn? Nina siku moja tu ya Agosti

Mkwezi_MK (Jumanne, 16 Julai 2024)
Wakuu, salaam. Nataka kukata tiketi za familia kabla wiki haijaisha. Tunavutana nyumbani kati ya rola kosta mbili (zile treni za burudani za kupanda, kuporomoka na kupinduka) za bustani za michezo za hapa Uingereza: Hyperia ya Thorpe Park na Nemesis Reborn ya Alton Towers. Zote zimefunguliwa mwaka huu. Kwa mlioipanda moja au zote mbili, ipi kali zaidi? Pesa iko mezani.

Fundi_Mabehewa
Mkuu, hapo umeuliza bei ya gari bila kutaja gari. Mnatokea mji gani? Watoto wangapi, na wana urefu gani kwa sentimita BILA viatu? Jumamosi au katikati ya juma? Hyperia inaanzia mita 1.30, Nemesis inaanzia 1.40. Ukija na mtoto wa 1.35 swali lako limekwisha jijibu.
Tena Nemesis haikuanza mwaka huu. Ilifunguliwa 1994, ikafungwa, wakaing'oa reli na kuweka nyingine kwa mchoro uleule, ikarudi 16 Machi. Mpya kabisa ni Hyperia peke yake, ya 24 Mei.

Binti_Mvita
Hyperia, bila kigugumizi. Kimo mita 72, kasi kama kilomita 130 kwa saa; Uingereza hii hakuna rola kosta yenye kimo wala kasi kuliko hiyo. Lakini uzuri wake si kasi, ni ule wepesi. Kilichokushika ni chuma kimoja tu cha mapajani, mabegani hakuna kitu. Ukivuka kilele unanyanyuka kitini, na kuna mahali treni inapinduka na kubaki juu-chini, wewe unaning'inia tu huku vikohozi vya watu vinasikika.
Omba safu ya nyuma. Treni nzima ina mwendo mmoja, kwa hiyo behewa la mbele linavuka kilele polepole, lakini la nyuma linavuka wakati mbele wamekwisha kuanguka: linavutwa. Mbele utapata upepo na mandhari, nyuma utapata kung'olewa.
Dosari: safari yake fupi. Ukitoa kupandishwa na mnyororo, mambo yamekwisha kabla hujapata pumzi. Na eneo lenyewe, pale ilipokuwa Loggers Leap, mchezo wa zamani wa maji, bado kavu, miti michanga, kivuli hakuna. Foleni ya Agosti hapo bebeni kofia na maji.

Reli_Chakavu
Wenye kupenda kuelea waelee. Mimi ni wa kukandamizwa. Nemesis reli iko juu ya kichwa, miguu inaning'inia hewani, inakupindua mara nne ndani ya mita 716 na kukukalia kwa G karibu 4, yaani karibu mara nne ya uzito wako. Kasi yake kilomita 81 tu kwa saa, na bado ukishuka unajiona umebeba gunia la mahindi.
Siri ni ardhi. Alton hairuhusiwi kujenga juu ya vilele vya miti, basi wakachimba mwamba. Kimo juu ya ardhi ni mita 13, lakini mteremko unafika karibu 32 kwa sababu unaingia shimoni. Mawe yanapita karibu na vidole vya miguu. Hiyo huipati kwenye nguzo za Thorpe.
Kwa anayeanza: kwenye mizunguko ya chini kaza mapaja na tumbo, kichwa kiegemee nyuma, pumua kidogokidogo. Ukilegea macho yanaanza kupauka, rangi zinakimbia. Si ugonjwa, damu imeshuka.

Mkwezi_MK
Asanteni. Tuko wanne: mimi, mama yao, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume 10. Tuko Milton Keynes, gari lipo. Siku bado.

Fundi_Mabehewa
Nimeomba sentimita, umeleta miaka.

Mama_Zubeda
Na mimi niulize: mama yao na binti wanavaa vipi? Maana hili watu hawalisemi mpaka wafike jukwaani. Reli ikiwa juu na miguu inaning'inia, baibui au dera refu hapana, suruali na shati refu ndiyo salama. Hijabu iwe ile ya michezo ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, ncha ziingie ndani ya koti, zipu juu. Mtandio uliotupwa begani wahudumu watakuambia uuvue au uufunge, na foleni nzima inakutazama. Kandambili pia hapana, viatu vya kamba.

Binti_Mvita
Dada umesema kweli. Na Hyperia ongeza: simu isikae mfuko wa suruali usio na zipu. Pale unaponyanyuliwa, mfuko nao unafunguka.

Kasi_Yas
Nawaangalia tu kutoka Abu Dhabi. Mnabishania kilomita 130? Formula Rossa, rola kosta ya hapa Yas Island, inatoka sifuri hadi 240 kwa sekunde 4.9, unavalishwa miwani maalumu kwa sababu mdudu mmoja jichoni ni jiwe. Ipo tangu 2010 na bado inawaacha hao wapya.

Reli_Chakavu
Kasi_Yas, kilomita 240 kisha kona pana za kutembelea, ndiyo nini? Hiyo ni barabara ya mwendo kasi yenye mkanda. Halafu Agosti huko joto linakupika kabla miwani haijakaa.

Kasi_Yas
Foleni iko ndani, kiyoyozi. Usiseme usichokijua.

Fundi_Mabehewa
Tusipotee. Kwa Mkwezi, jambo kubwa Agosti ni foleni na kusimama kwa mashine, ukali baadaye. Chukua kalamu. Treni ya Hyperia inabeba watu 20. Ikitoka moja kila sekunde 90 ni treni 40 kwa saa, watu 800. Ikitoka kila dakika tatu, kwa sababu watu wanahangaika na mikoba na miwani, ni 400. Kwa hiyo foleni ya watu 600 ni dakika 45 au saa moja na nusu, na utakayekutana naye ni huyo anayetafuta pa kuweka miwani. Wakiondoa treni moja ikabaki nyingine, ndiyo kabisa.
Kuhusu kusimama: Hyperia ilisimama siku ileile ya kufunguliwa ikafungwa kwa siku kadhaa. Watu wakasema imeharibika. Ielewe: reli imegawanywa vipande, kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu. Vihisi vinahesabu treni ikiingia na ikitoka. Hesabu zisipolingana, hata kwa kihisi kimoja kichafu, kompyuta inasimamisha kila kitu, na mtu lazima akague kwa macho kabla ya kuwasha tena. Mashine mpya husimama sana kwa sababu bado wanajifunza mwendo wake: asubuhi ya baridi grisi nzito na magurudumu magumu, treni inachelewa, mchana imepata moto, inawahi. Upepo mkali nao, kwa kimo cha mita 72, unaifunga.
Kwa hiyo fika kabla geti halijafunguliwa na uangalie programu ya bustani kwenye simu. Ikiandikwa imefungwa asubuhi, usisimame mlangoni kuilinda. Panda nyingine, rudi saa ya mwisho.

Mama_Zubeda
Niongeze jinsi siku inavyoharibika, kwa sababu ya huyo wa miaka 10. Kisa kilitokea bustani moja ya huku, siitaji. Mtoto kapimwa kwenye kibao cha mlango wa foleni, viatu vya soli nene, nywele kafunga juu: kapita. Wakasimama saa moja na dakika 40. Jukwaani mhudumu wa pili akatoa fimbo yake ya kupimia urefu, akamwambia vua viatu, shusha kidevu. Kapungua sentimita mbili. Hapo hakuna kubembeleza, wala "mwenzako chini kamruhusu". Mtoto analia mbele ya watu, baba anataka kubaki naye, mama hataki kupanda peke yake, basi wote wanne wakashuka kwa ngazi ya pembeni. Chakula cha mchana kikaliwa saa kumi.
Dawa yake: mpime nyumbani, mgongo ukutani, kitabu kichwani. Akipungua, ulizeni MWANZO wa foleni utaratibu wa wazazi kupokezana, yaani mmoja anapanda, mwingine anakaa na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Reli_Chakavu
Hapo ndipo Alton inashinda. Mtoto wa 1.32 pale anapata rola kosta nyingine, Wicker Man (1.20) na Thirteen (1.20), siku yake imejaa hata Nemesis ikimkataa. Thorpe ataingia Hyperia, lakini rola kosta nyingine za pale, Stealth, Swarm, Saw na Colossus, zote 1.40. Atapanda moja ya kutisha kuliko zote, kisha awashikie mikoba.

Binti_Mvita
Lakini Milton Keynes kwenda Thorpe ni karibu zaidi.

Reli_Chakavu
Karibu kwa ramani. M25, ile barabara kuu inayozunguka London, asubuhi haijui ramani.

Ukuta_wa_Maandishi
Samahani, hili "rola kosta" limenikwaza tangu juu. Hatuna neno letu?

Kasi_Yas
Bembea ya reli.

Mama_Zubeda
Bembea inaenda na kurudi. Hii ikirudi ni ajali.

Fundi_Mabehewa
Stealth ikikosa nguvu ya kuvuka kilele inarudi, na si ajali, breki za sumaku zinainuka kuipokea. Tena tukiwa hapo: Stealth na Formula Rossa zinarushwa kwa mfumo mmoja, mafuta yanabana gesi ya naitrojeni, ikiachiwa mota zinazungusha ngoma inayovuta kebo. Tamu, lakini matunzo yake ni kilio. Kule Ohio, Marekani, kwenye rola kosta ya Top Thrill Dragster wameuondoa mfumo huo, wakaweka wa kurusha kwa sumaku, ikafunguliwa upya kama Top Thrill 2 tarehe 4 Mei mwaka huu. Haikumaliza wiki mbili ikafungwa.

Kasi_Yas
Kwa hiyo sumaku ndiyo mbovu.

Fundi_Mabehewa
Tatizo walilotaja ni la mabehewa, si la sumaku. Soma polepole.

Mkwezi_MK
Nimempima: 1.39 na soksi. Binti 1.58. Mama yao sasa anasema kwa bei hiyo na usumbufu huo twende zetu Skegness, ufukweni.

Reli_Chakavu
1.39! Mpime tena asubuhi akiamka, mgongo haujabanwa na siku. Sentimita moja huwa inapatikana.

Mama_Zubeda
Usimdanganye mwenzio. Fimbo ya jukwaani atakutana nayo saa tisa alasiri.

Binti_Mvita
Ndugu yangu, kwa 1.39 Hyperia inamchukua bila fimbo. Jumanne au Jumatano, safu ya nyuma.

Kasi_Yas
Skegness jirani yake si kuna bustani ya michezo ya Fantasy Island, pale Ingoldmells? Nako reli ipo.

Mkwezi_MK
Usianze, anasoma hapa begani kwangu.