Usaha unanuka, maabara haioteshi kitu

Swali: Wakuu, mgonjwa wetu alifanyiwa upasuaji baada ya kidole tumbo kupasuka, na wiki iliyofuata akapata homa na jipu ndani ya tumbo. Usaha ulinuka vibaya mno, lakini majibu ya maabara yanasema hakuna bakteria walioota. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana kabisa, hasa kama sampuli ilichukuliwa kwa kijiti cha pamba kikakaa hewani, kwa sababu bakteria Bacteroides fragilis na wenzake wa utumbo mpana hawaoti penye oksijeni. Vuta usaha kwa bomba la sindano, toa hewa yote, uufikishe maabara haraka. Kipimo cha Gram, kile cha kuwapaka bakteria rangi na kuwatazama kwa hadubini, kilionyesha nini?

Muulizaji: Bakteria wenye umbo la vijiti, wekundu, wengi sana.

Jibu jingine: Basi bakteria wapo, kilichoshindikana ni kuwaotesha tu. Metronidazoli, dawa ya bakteria wasiopenda oksijeni, iendelee sambamba na antibiotiki seftriaksoni, kwani E. koli, bakteria mwingine wa utumbo, naye mara nyingi huwamo. Hata hivyo, mimi ningehakikisha kwanza kwa ultrasaundi kwamba mrija wa kukamulia jipu unautoa usaha wote, maana jipu kubwa lisilokamuliwa mara nyingi huzishinda dawa, hata zikiwa ndizo hasa.