Kidato cha Nne, anataka uhandisi: saa za kusoma azigawe vipi kabla ya KCSE?

MamaKidatoNne

Hamjambo wanajukwaa. Kijana wangu ameingia Kidato cha Nne, mwaka wa KCSE (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya), shule ya kutwa, na anataka kusomea uhandisi wa ujenzi. Gredi zake za mwisho wa Kidato cha Tatu ni hizi: Kiswahili B, Kiingereza B-, Hisabati C, Fizikia C, Kemia C-, Biolojia C+, Jiografia B, Kilimo B-. Shuleni wanasema yuko salama kwa chuo kikuu. Jioni ana saa mbili za kusoma nyumbani na Jumamosi saa nne. Nauliza mambo mawili. Saa hizo azigawe vipi? Na je, aendelee na masomo yote manane au kuna moja la kuliacha ili mzigo upungue? Naomba hatua za kufuata, maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha.

Kokotoa

Mama, ratiba iwekwe kando kwanza, tupige hesabu ya pointi. Wengi hupanga mwaka mzima bila kuipiga, kisha Januari wanashangaa.

Tangu KCSE ya 2023, wastani hutokana na Hisabati, lugha moja aliyoifanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora. A ni pointi 12, E ni 1, na jumla ya juu kabisa ni 84. Kijana wako ana Hisabati 6, Kiswahili 9, Jiografia 9, Kiingereza 8, Kilimo 8, Biolojia 7, Fizikia 6. Jumla ni 53, na B- huanzia hapo hapo 53. Kwa hiyo B- anayo tayari. Lakini tazama somo lililoachwa nje ya hesabu: ni Kemia, yenye pointi 5.

Uhandisi hautolewi kwa wastani peke yake. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huangalia klasta, yaani kundi la masomo manne ya kozi hiyo: Hisabati, Fizikia, Kemia, na la nne kutoka Biolojia, masomo ya jamii au ya ufundi. Hapo Kemia inarudi mezani, utake usitake. Klasta yake ni 6 + 6 + 5 + 9 (Jiografia), yaani 26 kati ya 48. Uzito wa klasta unaweza kuukadiria hivi: gawanya 26 kwa 48, gawanya 53 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Inakuja takriban 28.1. Juu ya hayo, vyuo vingi hutaka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na kwa sasa hana hata moja kati ya hizo.

Sasa fikiria anapandisha hayo matatu hadi B- na mengine yanabaki yalivyo. Jumla inakuwa 58, kwani Kemia inaingia na Biolojia inatoka. Wastani bado ni B- ile ile. Klasta inakuwa 33, na uzito wake unafika takriban 33.1. Gredi ya cheti haijasogea hata hatua moja, ila mlango wa uhandisi umefunguka. Saa zake ziende huko.

Alama za mwisho za kuingilia kila kozi mwaka uliopita ziko kwenye tovuti ya KUCCPS. Mkae naye mchague kozi nne au tano, muandike namba zake na kuzibandika ukutani.

Sokwe_Mtu

Mimi ningesema Biolojia aiache kabisa. Haimo kwenye klasta yake na huko mbele itatoka kwenye wastani. Saa za Biolojia zote ziende Kemia.

Kokotoa

Ndugu, hapana. Itatoka kwenye wastani ikiwa tu Kemia na Fizikia zimeipita. Karatasi moja ya Fizikia ikimwendea vibaya, Biolojia ndiyo inayoziba pengo. Mwanafunzi mwenye masomo manane ana akiba ya somo moja, na anayekwenda na saba hana. Aipunguzie muda, asiitupe.

ChakiNaDasta

Nafundisha Kemia, kwa hiyo nitabaki kwangu. Somo lina msimbo 233 na karatasi tatu: 233/1 alama 80, 233/2 alama 80, 233/3 ya maabara alama 40. Mwanafunzi wa C- hupanda haraka zaidi kwa kuanzia hiyo ya tatu, kwa sababu maswali yake hayabadiliki sana na utoaji alama wake unajulikana.

Chukua jedwali la titresheni, yaani kupima myeyusho kwa bureti na pipeti. Lina alama tano, na nne kati ya hizo hupotea kwa uzembe:

Jedwali kamili, alama 1. Safu tatu zote zijazwe na kutoa kuwe sahihi. Ukiandika usomaji wa mwanzo mahali pa ule wa mwisho, umekatwa.

Desimali, alama 1. Namba zote ziwe na desimali moja, au zote ziwe na mbili. Zikiwa mbili, ya mwisho iwe 0 au 5. Kuandika 24.5 hapa na 24.55 pale kunapoteza alama nzima.

Usahihi, alama 1. Jibu hulinganishwa na thamani aliyoipata mwalimu siku hiyo hiyo kwa kemikali zile zile. Ukiwa ndani ya 0.1 unapata yote, ndani ya 0.2 nusu, zaidi ya hapo sufuri.

Kanuni ya wastani, alama 1. Jumlisha zile tu zinazokaribiana, zisipishane kwa zaidi ya 0.2, na uonyeshe kazi yenyewe. Akiwa na 24.5, 24.6 na 25.9, hiyo ya tatu haiingii.

Jibu la wastani, alama 1.

Usahihi huharibiwa na vitu vidogo. Faneli ikisahaulika juu ya bureti hudondosha matone. Hewa ikibaki chini ya koki, ujazo unaosomwa si wa kweli. Jicho likiwa juu ya mstari, usomaji unahama. Kosa kubwa kuliko yote ni kutia kwenye bureti myeyusho uliotakiwa kupimwa kwa pipeti, maana hapo hesabu zote zinazofuata zinaharibika. Dakika 15 za kwanza haruhusiwi kugusa vifaa. Azitumie kusoma na kupigia mstari kipi kinakwenda wapi.

Kwenye utambuzi wa ioni, aandike anachokiona kisha ioni pamoja na chaji yake. Mashapo meupe yanayoyeyuka sodiamu haidroksaidi ikizidishwa: Zn²⁺, Al³⁺ au Pb²⁺. Amonia ikizidishwa yakayeyuka: Zn²⁺. Yasipoyeyuka: Al³⁺ au Pb²⁺. Akiandika „zinki” bila chaji hapati kitu, na ioni isiyohusika akiiongeza kwa kubahatisha inakata alama alizokwisha pata.

Shule za kutwa nyingi zina maabara finyu. Hata hivyo jedwali, wastani na hesabu za mole (kipimo cha kiasi cha kemikali) anaweza kuzifanyia mazoezi nyumbani kwa data za karatasi zilizopita. Mole ndiyo chanzo cha C- nyingi. Mtoto asiyeweza kutoka kwenye ujazo na molariti kwenda idadi ya mole, kisha uwiano, kisha gramu, ataanguka karatasi zote tatu.

MamaKidatoNne

Asante sana mwalimu, na wewe Kokotoa. Sikujua kwamba Kemia iko nje ya wastani na bado ndiyo inayomzuia. Hisabati je? Anasema anaelewa darasani, lakini mtihani unaisha kabla hajamaliza.

Logi_na_Saini

Hiyo ni shida ya saa. Kila karatasi ya Hisabati (msimbo 121) ni dakika 150 kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Sehemu ya I ina maswali 16 ya alama 50, hivyo dakika 75. Sehemu ya II ina manane, anachagua matano ya alama 10, dakika 15 kila moja. Anayechelewa karibu kila mara amenaswa na swali la alama 3 la Sehemu ya I kwa dakika kumi. Afunzwe kuliacha zikipita dakika tano, aache nafasi, arudi baadaye.

Karatasi ya pili huegemea zaidi Vidato vya Tatu na Nne. Achague mada sita za Sehemu ya II azimudu kabisa, ili siku ya mtihani matano yasimkose: kodi ya mapato, latitudo na longitudo, uwezekano, mifuatano, grafu za saini na kosaini, linia programingi. Kodi ya mapato hata jedwali la viwango analetewa. Kosa la kawaida ni kusahau kuondoa nafuu ya kodi mwishoni, au kuiondoa kwenye mshahara badala ya kwenye kodi. Kwenye latitudo, safari ya kaskazini–kusini ni nyuzi mara 60 kupata maili za baharini. Ya mashariki–magharibi lazima uzidishe pia kwa kosaini ya latitudo. Wengi huisahau kosaini hiyo.

Kazi ionyeshwe kila hatua. Kuna alama za njia na alama za jibu, na swali linaposema bila kikokotoo, jibu tupu halina thamani. Kwenye michoro ya kompasi asifute tao hata moja, kwa sababu tao ndilo ushahidi wa kazi.

ChakiNaDasta

Kwa ratiba, mama, hizo saa 14 ningezigawa hivi. Jumatatu, Sehemu ya I ya Hisabati kwa dakika 75 na saa mezani, kisha dakika 45 za kusahihisha. Jumanne, Kemia. Jumatano, maswali matano ya Sehemu ya II na kusahihisha. Alhamisi, Fizikia; nayo karatasi ya tatu ina alama 40, na grafu hubeba sehemu kubwa: mihimili yenye vipimo, skeli rahisi isiyo ya 3 wala 7, nukta zinazojaza angalau nusu ya karatasi, na pembetatu kubwa ya kutafutia mteremko. Ijumaa, lugha, Biolojia na Jiografia kwa zamu. Kilimo kinatosha cha darasani. Jumamosi, karatasi moja nzima kwa muda wa mtihani, na saa zinazobaki kuisahihisha kwa mwongozo wa alama.

Kila kosa liingie kwenye daftari moja lenye safu tatu: swali, kilichoharibika, na njia sahihi. Baada ya wiki mbili alifanye upya swali lile bila kuangalia. Kusoma majibu ya karatasi ishirini bila kuzifanya humdanganya mtoto kwamba anajua.

Hadi likizo ya Aprili, mole na mapengo ya Hisabati ya Kidato cha Tatu yawe yamezibwa. Mock (mtihani wa majaribio) ya muhula wa pili aifanye kama mtihani wenyewe, kisha arudie hesabu ya Kokotoa kwa gredi zake mpya.

Kokotoa

La usajili, lifanyeni muhula huu. Shule huchapisha orodha ya watahiniwa wakague. Majina yafuate cheti cha kuzaliwa, na Hisabati isomeke 121, si 122 ambayo ni Mbadala B. Uhandisi unataka 121. Kosa la msimbo likigunduliwa Oktoba ni balaa. Na wanaouza „karatasi” kwenye Telegram, mkatazeni asijiunge hata kwa kuchungulia. KNEC, baraza la mitihani, hufuta matokeo.

MamaKidatoNne

Tumekagua jioni hii na daftari la makosa limeanza. Msimbo ni 121. Jumamosi anaanza na 233/1.