Mwanza hadi Mlima Hanang kwa gari: tulale wapi njiani, na gesti ya Katesh tuichagueje?

IgomaKwetu

Wakuu, habari za leo.

Tupo wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, tunatoka Mwanza na gari dogo kwenda kupanda Mlima Hanang mwezi wa saba. Ratiba ya sasa ni kuondoka Ijumaa saa nane mchana, kupanda Jumamosi, kurudi Jumapili. Bajeti ya malazi haizidi 30,000 kwa chumba kwa usiku.

Naomba msaada hapa:

Njiani tulale Shinyanga, Nzega au Singida? Katesh kwenyewe kuna gesti za maana au tuvuke tulale Babati? Kupitia Serengeti kunafupisha? Halafu nikitafuta mtandaoni naona hoteli mbili tatu tu za Singida, Katesh karibu hakuna kitu. Watu wanapataje vyumba huko?

Hamsini za Vijijini

Mkuu, kabla ya kuuliza mlale wapi, badilisheni ratiba. Hiyo haiwezekani, na tatizo si uchovu peke yake.

Hesabu ya barabara, kwa makadirio: Mwanza hadi Shinyanga kilomita 160, Shinyanga hadi Nzega 80, Nzega hadi Igunga kama 80, Igunga hadi Singida 130, Singida hadi Katesh 90. Jumla ni kama 540, lami mwanzo mwisho. Kwa gari dogo ni saa nane hadi tisa ukijumlisha kula na vibao vya 50. Vijiji ni vingi sana kati ya Misungwi na Tinde, na kila kijiji unashuka hadi 50 kweli, trafiki wapo. Ukitoka saa nane mchana unafika Katesh saa tano usiku, tena umepita vipande viwili vibaya gizani: mbuga ya Wembere na mlima Sekenke. Wembere ni tambarare, ng'ombe wanavuka na wanalala kando ya barabara. Sekenke ni kona na mwinuko, malori yanapanda kwa gia ya kwanza na mara nyingi moja limeharibika kwenye kona bila taa, nyuma limewekewa matawi tu. Usiku huyaoni matawi hayo mpaka uko juu yake.

Kwa hiyo kanuni ya njia hiyo ni moja: jua likikuchwea hujavuka Igunga, lala Igunga. Usijaribu kuiwahi Singida.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Tokeni Alhamisi saa saba mchana. Saa kumi mpo Shinyanga, mnaweka mafuta na kula. Tinde mnashika kushoto kwenda Nzega (kulia ni Kahama, wageni wengi hupotea hapo kwa kufuata malori). Nzega mnashika tena kushoto, maana ukinyoosha unakwenda Tabora. Igunga mnaingia kama saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanga bado upo. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi mnaondoka, Sekenke mnaipanda kwa mwanga na ubaridi wa asubuhi, gari halichemshi. Saa nne au saa tano mpo Katesh.

Shinyanga ni karibu mno kulala, mnabaki na kilomita 380 za siku ya pili. Nzega inafaa kama mmechelewa kutoka Mwanza. Igunga gesti zipo nyingi kando ya barabara kuu na kuzunguka stendi. Msichukue ya kwanza mnayoiona mkono wa kulia au kushoto wa lami, ingieni mtaa mmoja au miwili ndani. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo usiku kucha, na yakipunguza mwendo kwenye matuta yanapiga breki za injini ambazo hazimwachi mtu alale.

Dada wa Mapokezi

Nakubaliana na Igunga kwa ratiba hiyo, ila mkiweza kutoka Mwanza alfajiri, basi Singida ni bora mara tatu. Mabasi yanayotoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, saa kumi na mbili asubuhi yanafika Singida mchana wa saa nane au saa tisa. Mji ni mkubwa, vyumba ni vya aina zote, chakula kipo mpaka usiku, na kuna ziwa Singidani mtatembea jioni. Pale kuku wa kienyeji ni kuku kweli. Kisha Katesh ni saa moja na nusu tu kesho yake.

Sasa suala la mtandao. Gesti za miji midogo hazijiweki kwenye tovuti za kukodi vyumba kwa sababu wateja wao ni madereva, wafanyabiashara wa mnada na watumishi waliokuja semina. Wote wanafika kwa miguu au wanapiga simu. Njia ya uhakika ni kupata namba mbili za mji husika kutoka kwa mtu aliyelala huko, kisha kupiga asubuhi ya siku ya safari, siyo wiki moja kabla. Gesti ndogo ukiweka nafasi wiki moja kabla bila kulipa, chumba chako kitapewa mtu aliyesimama mlangoni na fedha mkononi, na kwa upande wao ni haki. Mkitakiwa kutanguliza fedha kwa simu, tazameni jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi lisilofanana na alilowatajia mhudumu, acheni, mtalipa mkifika.

Kuna jambo mmeliacha na litawasumbua: mpo wanaume wawili na wanawake wawili. Gesti nyingi haziruhusu wanaume wawili kulala chumba kimoja, na vyumba karibu vyote vina kitanda kimoja cha tano kwa sita. Vyumba vya vitanda viwili ni vichache, vinapatikana zaidi hosteli za makanisa na baadhi ya hoteli. Semeni kwenye simu mapema: "tunahitaji chumba cha vitanda viwili". Kama hakuna, bajeti yenu ni vyumba vitatu au vinne, siyo viwili. Na kila mtu awe na kitambulisho, maana kitabu cha wageni kinajazwa jina, ulikotoka, unakokwenda na namba ya kitambulisho. Polisi hukikagua.

Kwa 30,000 mnapata chumba kizuri chenye choo na bafu ndani. Vya choo cha nje ni nusu ya hapo au chini. Lakini bei haikwambii ubora, kagua mwenyewe kabla ya kulipa, maana gesti ni lipa kwanza na fedha ikishaingia kwenye kitabu hairudi.

Ukaguzi wenyewe ni dakika tatu. Anza na godoro. Inua kona ya shuka upande wa kichwani, kisha pindua ukingo wa godoro utazame mshono. Kunguni huacha vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu ya wino, vimejipanga kwenye mshono na kwenye maungio ya mbao za kitanda. Ukiona nukta hizo usiombe wapulize dawa, omba ufunguo wa chumba kingine, au toka kabisa. Shuka jeupe lililopigwa pasi halithibitishi kitu, kunguni hawakai kwenye shuka.

Chandarua kikunjue chote, kiinue dhidi ya taa. Tundu la kupitisha kidole kidogo linatosha mbu kumi. Lifunge kwa fundo au kwa uzi kabla ya kulala.

Fungua bomba la bafuni na uliache dakika moja. Likitoa maji kwa nguvu halafu yakapungua, ujue maji yanayotoka ni mabaki ya kwenye bomba tu. Uliza tangi la juu lina maji? Umeme ukikatika pampu haipandishi, na asubuhi mtabaki na ndoo moja ya watu wawili. Kama wanakupa hita ya kuchovya kwenye ndoo, ichomeke ikiwa tayari ndani ya maji, na ichomoe ukutani kabla ya kugusa maji. Usipime kwa kidole ikiwa imewaka.

Mwisho ni komeo. Kitasa pekee hakitoshi, ufunguo wa akiba uko mapokezi.

Chini ya Mlima

Nijibu ya Katesh, maana hapo ndipo safari inapoharibika.

Laleni Katesh, msiende Babati. Babati iko kilomita 75 mbele, na siku ya kupanda mnatakiwa mwanzo wa njia saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Babati mtaamka saa nane usiku na kuendesha gizani kwa ajili ya kitanda kizuri kidogo tu.

Usiku wa kwanza Katesh ni lazima, siyo anasa. Mwanza iko mita 1,100 na kidogo, kilele cha Hanang ni takriban mita 3,400. Njia ya Jorodom inapanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja na kushuka zilezile. Mtu aliyetoka ziwani jana usiku, amelala kwa muda wa saa tatu tu, anaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu juu kwenye mgongo wa mlima, na hapo hakuna bodaboda. Mkifika Ijumaa saa tano mna mchana mzima wa kupumua hewa ya huku na kunywa maji.

Na kuna sababu kubwa zaidi ya kufika Ijumaa kabla ya mchana. Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hamruhusiwi kupanda bila kibali na kiongozi. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa na ofisi yao, na ofisi za serikali zinafunga saa tisa na nusu alasiri. Ukifika Ijumaa jioni ukitegemea kupanda Jumamosi, unaweza kulala siku tatu ukiutazama mlima dirishani. Pigeni simu mapema wiki hiyo, mkifika nendeni ofisini kwanza, gesti baadaye. Kiongozi mkubaliane naye hukohuko ofisini. Msichukue kijana wa stendi anayesema anaijua njia.

Gesti zipo, za kawaida, nyingi karibu na stendi na barabara kuu. Siku za mnada hujaa mpaka za choo cha nje, ulizeni tarehe mnapopiga. Mwezi wa saba usiku ni baridi kali kwa mtu wa ziwani. Blanketi moja jembamba halitoshi, ombeni la pili mkiwa mapokezi, saa nne usiku mhudumu ameshalala.

Mwambieni mlinzi mnatoka saa kumi alfajiri, mkamwonyeshe na gari, maana geti linafungwa kwa kufuli na ufunguo mara nyingi anao mwenye gesti. Hakuna chai saa hiyo. Jioni nunueni chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi. Maji lita nne kwa kila mtu, yote mnayabeba kutoka mjini, msitegemee kupata njiani. Kwenda na kurudi ni saa kumi hadi kumi na mbili, kwa hiyo usiku wa Jumamosi pia ni Katesh. Lipieni vyumba usiku mbili tangu mwanzo, la sivyo mhudumu atatoa mizigo yenu saa nne asubuhi mkiwa juu.

Kwa wanaosoma hapa wakipanga safari ya mvua: Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikaua watu wengi hapa Katesh na vijiji vya jirani. Kati ya Novemba na Mei msichukue nyumba iliyo ukingoni mwa korongo, hata ikiwa mpya na nafuu.

Hamsini za Vijijini

La Serengeti nilisahau. Njia ipo: Mwanza hadi Lamadi, unaingia geti la Ndabaka, unapita hifadhi, unatokea Ngorongoro na kushuka Karatu. Unalipa viingilio viwili, TANAPA na Ngorongoro, watu na gari. Barabara ya ndani ni vumbi na makorongo, mageti yanafungwa jioni, na kutoka Karatu bado mna Makuyuni na Babati mbele. Kwa gari dogo na kwa ajili ya Hanang, haifai.

IgomaKwetu

Nimeelewa, asanteni sana. Tunatoka Alhamisi saa saba, Igunga usiku mmoja, Katesh usiku mbili. Swali la mwisho: Jumamosi tukishuka saa kumi jioni, tusiondoke palepale tukalale Singida ili Jumapili iwe nyepesi?

Chini ya Mlima

Hapana mkuu. Dereva wenu atakuwa amesimama kwa miguu kwa muda wa saa kumi na moja. Magoti yanatetemeka kwenye klachi, na kiza kinawakuta njiani. Laleni, Jumapili tokeni saa kumi na mbili asubuhi, Mwanza mnaingia saa tisa au saa kumi.

Dada wa Mapokezi

Na jioni hiyo mkirudi ombeni maji ya moto kabla ya kukaa kitandani. Wote wanne mtayataka kwa wakati mmoja, na ndoo inachukua nusu saa kuchemka.