Hadithi ya kupokezana: usome zamu za wote au za mhusika wako tu?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba niingie kwenye huu mjadala wa juzi. Kwa asiyeujua: tuko watu 14, wengi Wete na Chake huku Pemba, wawili Unguja, tunaandika hadithi moja kwa kupokezana. Kila mmoja ana mhusika wake. Kaka yetu mwenye nahodha kasema yeye husoma zile zamu tu zinazomtaja nahodha wake, nyengine hana wakati nazo. Dada mmoja kamuunga mkono kwa hoja nzito zaidi: ukisoma kila kitu, mhusika wako huanza kujua yasiyomhusu.

Mie nasema tusome zote.

Hoja ya dada ina ukweli. Tumeshamuona mhusika aliyeko Mkoani akimlaumu mtu kwa siri iliyosemwa Konde, usiku, chumbani, watu wawili peke yao. Kaijuaje? Kaijua kwa kuwa mwandishi wake kaisoma. Hilo ni kosa, tena linaua kisa. Lakini anayeandika na anayeandikwa ni watu wawili. Mie nijue kuwa nje ya mlango pana mtu na jambia. Bi Mize wangu hajui. Nisingelijua, angeufungua tu mlango, basi. Kwa kuwa najua, namrudisha kwanza jikoni akaepue chungu, afute mikono kwa kanga, aitike "naja!", na anayesoma roho iko juu. Hayo huwezi kuyaandika ukiwa umefumba macho.

Kaka, yako ni ya wakati, nami nakuelewa. Msimu wa karafuu mtu anarudi jioni kachoka, vidole vinamuuma, anakuta zamu 30 zinamsubiri. Basi chelewa. Hapana anayekukimbiza, na kisa kikingoja siku mbili hakiozi.

Ila nataka niwaeleze habari ya mkeka. Mwezi uliopita binti mmoja, mdogo kuliko sote, aliandika zamu ya mistari 11. Hamna nahodha, hamna mapigano. Bibi yuko kibarazani Micheweni anashona mkeka, ukili kwa ukili, na alipofika ukingoni akautia ufunguo mdogo wa kasha ndani ya pindo, akaushonea humo humo. Hapana aliyemjibu. Wiki tatu baadaye sote tunahangaika na kasha la mzee, mmoja kashika shoka, nahodha wetu anaandika kuwa ufunguo umetupwa baharini. Mie nilirudi nyuma kutafuta jina la mtaa tu, ndipo nikaukuta mkeka. Binti keshatoka kundini. Nami ni miongoni mwa waliompita bila kumsoma, na jambo hili halijanitoka moyoni.

Kwetu Pemba kupokezana si kugeni. Kwenye kibati, ngoma yetu ya asili, watu hujibizana papo hapo huku ngoma inakwenda. Usiyemsikiliza mwenzako utamjibu nini? Kamange na Sarahani, washairi wetu wa karne ya 19, walijibizana kwa mashairi, na fumbo hulifumbui kama hukulisoma.

Nakubali jambo moja. Kisa kikigawika, wengine wako Kigomasha na wengine Unguja siku hiyo hiyo, ya mbali yapitie kwa haraka, ya karibu yasome neno kwa neno. Wapo waliopendekeza kiongozi wa kisa atuandikie muhtasari kila Ijumaa. Sikatai, utasaidia waliokuwa safarini. Lakini muhtasari ungesema "bibi anashona mkeka", na ufunguo ungepotea vile vile.

Mwenye namba ya yule binti, tafadhali amfikishie salamu zangu na amwambie zamu yake tumeisoma. Na wewe kaka nahodha, nakuomba kabla hujatuma ya leo, iondoe ile ya baharini. Ufunguo uko Micheweni, kwenye pindo.