Ushauri: Kitufe cha "Ghairi" kinatulazimu kubomoa mfumo?

Mleta uzi
Wakuu, salamu. Naongoza timu inayokamilisha mfumo wa kutunza orodha za bidhaa, ambao kiolesura chake (skrini na vitufe anavyoviona mtumiaji) kimetenganishwa vizuri na mantiki ya programu. Katika majaribio, watumiaji wameomba waweze kusitisha upakiaji wa faili kubwa ukiwa katikati. Waandaaji wa programu wanadai kwamba kitufe chenyewe ni kazi ya dakika chache, ila yaliyo nyuma yake yatahitaji kuandikwa upya. Je, ni kweli, au wanakwepa kazi?

MsanifuMkongwe
Wana haki, mkuu. Utenganishaji huo, ambao Trygve Reenskaug aliupa sura ya MVC (Model-View-Controller, yaani data, mwonekano na udhibiti kila kimoja pekee) mwaka 1979 akiwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, unakuwezesha kubadilisha rangi, lebo na mpangilio bila kugusa mantiki. Kughairi ni jambo jingine: lazima pawepo sehemu inayoendelea kumsikiliza mtumiaji wakati kazi inaendelea, na kila hatua ijue namna ya kuachia rasilimali ilizoshika na kurudisha data ilivyokuwa. Len Bass na Bonnie John wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilieleza hili mwaka 2001, wakitaja pia kutendua (kurudisha nyuma kitendo kilichokwisha kufanyika) na kuonyesha kazi imefikia wapi.

Kwa hali yako, soma faili kwa mafungu, tuseme safu 500 (mistari 500 ya orodha) kila fungu, uziandike kwenye jedwali la muda, na kila fungu likiisha programu iangalie kama mtumiaji ameghairi. Data ihamie jedwali kuu mwishoni tu. Akighairi, unafuta jedwali la muda, basi. Hesabu ya mafungu hayohayo itakupa mstari wa maendeleo bila gharama ya maana.

Mpimaji
Mimi nauliza kwa nini watumiaji waliitwa mwishoni, wakati michoro ya karatasi ingetosha kuliibua ombi hili kabla ya msimbo wowote kuandikwa. Sharti lisemalo "mfumo uwe rahisi kutumia" halipimiki, na msanifu hawezi kulifanyia kazi. Tumieni viwango vya muda wa kusubiri alivyovieleza mtaalamu wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen mwaka 1993: hadi sekunde 0.1 mtumiaji huona jibu ni la papo hapo, hadi 1 mawazo yake hayakatiki, na 10 ndiyo kikomo cha umakini wake. Kwa hiyo andikeni kwamba kazi yoyote inayozidi sekunde 10 ionyeshe maendeleo na iweze kusitishwa. Hapo msanifu atalazimika kujibu mapema. Ila msiweke kutendua kila mahali; kuna vitendo ambavyo havistahili gharama hiyo.

Mleta uzi
Nashukuru. Tatizo moja: mfumo hutuma barua pepe kwa wasambazaji kila safu inapoingia.

MsanifuMkongwe
Barua pepe ikishatoka hairudi, kwa hiyo iondoeni kwenye kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) cha kusoma safu. Zipangwe foleni, zitumwe baada ya data kuhamia jedwali kuu, na kuanzia uhamisho huo kitufe kizimwe na mtumiaji aelezwe kwamba hatua hii haiwezi kusitishwa.